Cheko la Babu: Chafya Ndani ya Tangi

Hajafa.

Naanza na hilo kwa sababu wiki nzima sikupata raha. Muuza magazeti amenikunjia uso, kinyozi ameninyoa upande mmoja akasema wa pili nitaupata nikishamjibu, na mama mkwe amepiga simu kunionya kwamba kama nimemuua Shangazi nisikanyage kwake. Jamani, nani kasema nimemuua? Wiki iliyopita niliandika tu kwamba alipanda ngazi, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa tangi la mvinyo, ukasikika mlio mkubwa, kisha kimya. Mazishi mmeyaandaa wenyewe.

Mlio ule ulikuwa chafya.

Shangazi alishuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, mkononi ameshika kata ya kuonjea ikiwa bado na mvinyo. Alipofika chini aligeuka, akawatazama waliokuwa wakimngoja. Wote wakasogea wasikie neno.

Neno halikuja. Alikuwa ameibana midomo kama fundi cherehani aliyeshikilia pini kwa meno.

"Shangazi?" aliita Kizibo. "Shangazi, vipi?"

Kizibo ndiye aliyeutengeneza mvinyo ule. Jina alilipata utotoni, kwa sababu alikuwa analala na vizibo vya chupa mkononi na kwa sababu kimo chake hakikumsaidia sana. Baba yake, mdogo wake Shangazi, alifariki mwaka jana. Kwa hiyo mwaka huu binti alifanya kila kitu peke yake, tangu kuchuma zabibu hadi kufunika tangi. Mvinyo ukikubaliwa, anarithi ufunguo wa kiwanda aliokuwa nao baba yake. Ukikataliwa, wote unavutwa kwenda kwa mtengeneza siki, kiwanda kinafungwa, na yeye anarudi kuosha chupa za watu wengine.

Na kukubaliwa si jambo la kuitikia kwa kichwa. Babu, mwanzilishi wa kiwanda, yule mzee anayecheka kwenye kila lebo na meno yake yote nje, aliacha sheria. Chupa haijazwi mpaka binti yake, yaani Shangazi, aonje kutoka juu ya tangi, si kwenye koki ya chini, kwa maana Babu alidai koki inasifia. Kisha asimame mbele ya tangi atamke neno. "Zibeni!" au "Mwageni!" Ishara haihesabiwi.

Hata chafya haihesabiwi, maana watu wa ukoo huu harufu ya mvinyo ikiwaingia puani lazima wapige chafya. Wageni hukohoa, wao hupiga chafya: mbili fupi, halafu moja ndefu yenye mkia unaopanda juu, kama mtu anayeuliza swali. Ya Babu ilikuwa inatikisa vioo vya madirisha.

"Mbona hasemi?" aliuliza Bwana Siki.

Huyu ndiye mtengeneza siki mwenyewe. Alikuwa mlangoni, mpira wa kuvutia begani, na nje boza lake la kubebea mvinyo limeegeshwa kinyumenyume tayari kwa kazi. Makubaliano yalikuwa wazi: king'ora cha chakula cha mchana kikilia kabla neno halijatoka, mvinyo ni wake. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mchangamfu, wa kucheka ovyo, na mvinyo hakuwahi kuutia mdomoni kwa sababu marehemu mama yake alimkataza akiwa mdogo.

Shangazi akatikisa kichwa. Alimaanisha msiniulize. Lakini nani angejua?

"Ametikisa kichwa!" alisema Bwana Siki. "Mzee, umeona?"

Mzee ni Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi. Alikuwa amekaa juu ya kreti, skafu imezungushwa kuanzia shingoni hadi chini ya pua. Tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu. Alijionyesha koo kwa kidole, watu wakaelewa mafua. Ndiye aliyemwita Bwana Siki, na ndiye aliyetangaza kwa wiki nzima kwamba mvinyo wa mtoto ni maji ya kuoshea masufuria na kwamba yeye hatauonja hata kwa fimbo.

"Mmmh," alinguruma Baba Mkubwa ndani ya skafu.

"Mzee anasema ni siki," alitafsiri Bwana Siki.

"Kasema 'mmmh'," alipinga Kizibo.

"Ndiyo. Lakini kwa masikitiko."

"Mm-mm!" alikuja juu Shangazi, midomo bado imebanwa.

"Shangazi anasema si siki!" aliruka Kizibo.

"Kasema 'mm-mm'."

"Ndiyo. Lakini kwa hasira!"

Basi ndugu wawili wakaanza kugombana kwa pua, huyu mmmh, yule mm-mm, na wakalimani wao wawili wakitokwa jasho. Mwisho Shangazi alimshika Kizibo mkono, akamkokota hadi kwenye stoo ya vizibo, akafunga mlango kwa mgongo.

Akafungua mdomo.

Kizibo alichungulia. Kulikuwa na ulimi, kulikuwa na ufizi, na kulikuwa na nafasi kubwa sana.

"Shangazi! Meno yako yako wapi?"

Shangazi alinyoosha kidole kuelekea tangi.

Ninyi wajanja mlioanza kujigamba kwamba mlijua, nyamazeni, wengine ndio kwanza wanapata habari. Ndiyo, yalikuwa meno ya bandia. Kichwa kilikuwa ndani ya tangi, chafya mbili fupi zikayalegeza, ile ndefu yenye mkia ikayasindikiza.

"Sikujua kama ni ya bandia!" alinong'ona Kizibo.

"Hakuna anayejua, na hakuna atakayejua," alijibu Shangazi. Naandika maneno yake kama alivyoyakusudia. Ningeyaandika kama yalivyotoka, mhariri angedhani nimelewa. "Ukoo huu meno ni heshima, mwanangu. Babu yako kazikwa na yote. Na mimi Kaka namwambia kila siku kwamba tumemrithi Baba kwa meno. Leo anione hivi? Atanicheka mpaka anizike."

"Sasa si useme tu neno ukiwa umeziba mdomo kwa kanga? Neno moja, Shangazi!"

"Neno gani? Sijauonja."

"Hujauonja?"

"Chafya ilinipata kabla. Uliofika mdomoni wote umerudi tangini pamoja na meno."

"Basi onja huu uliobaki kwenye kata."

"Bila meno? Ulimi unatangatanga tu, haujui pa kuegemea. Siwezi kumhukumu mtoto wa marehemu mdogo wangu kwa ulimi usioegemea popote." Machozi yalimlengalenga. "Baba yako alinisihi nikuonee haki. Nitaonja vizuri au sionji."

Kizibo alimpenda sana shangazi yake wakati ule, na pia alitamani kumtikisa mabega. Nje Bwana Siki alikuwa anapiga mluzi. Saa ya mchana ilikuwa inakaribia.

Ndipo wazo likamjia. Ni wazo zuri, nakubali. Mwaka mzima nimemwandika binti huyu na sijawahi kumpa wazo baya la makusudi.

Alirudi ghalani, akamwambia Bwana Siki, "Unganisha mpira wako."

"Unakubali kushindwa?"

"Sijakubali kitu. Nataka mvinyo uzungushwe. Uvute kutoka chini ya tangi, upite kwenye pampu yako, urudi juu ya tangi lile lile. Ukipata hewa, Shangazi ataonja tena."

Pampu ya Bwana Siki mbele yake ina kikombe cha kioo chenye chujio ndani, cha kunasa maganda na mbegu. Kizibo alikuwa amekiona. Chochote kigumu kilichomo tangini kingenaswa pale, na Shangazi angekuwa amesimama jirani na mfuko wa gauni wazi. Hakuna ambaye angejua.

"Hiyo haina tatizo," alisema Bwana Siki. "Hata mimi napenda mvinyo uliopata hewa. Unachacha upesi."

"MMMH!" alipiga kelele Baba Mkubwa.

Alikuwa amesimama juu ya kreti. Alikuwa anatikisa kichwa, anapunga mikono, anaonyesha pampu, anaonyesha mbingu.

"Mzee anasema..." Bwana Siki alikuna kichwa. "Mzee, kwa kweli leo sikupati. Wewe ndiye uliyeniita nije kuvuta. Nataka kuvuta, unakataa?"

"Mm! Mm-mmh! Mmh!"

"Anasema koo limezidi," aliamua Bwana Siki, akawasha pampu.

Mpira ulikakamaa. Mvinyo mwekundu ulijaa kwenye kioo, ukazunguka, ukapanda, ukasikika ukimwagika juu tangini. Kizibo alikodoa macho. Shangazi alijisogeza karibu na kioo huku akijifanya anapendezwa na mitambo, kitu ambacho hajawahi kupendezwa nacho tangu azaliwe. Baba Mkubwa naye akateremka kwenye kreti, akajisogeza upande wa pili, skafu imepanda hadi machoni.

Maganda mawili matatu yalipita. Pampu ikakohoa, ikanguruma, ikaanza kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Kuna kitu kimenasa," alisema Bwana Siki. Akainama kutazama kwenye kioo, akaruka nyuma. "Mama yangu! Kinanicheka!"

Ndani ya kioo, katikati ya mvinyo, yalikuwepo meno, safu nzima, yanacheka sawasawa na Babu kwenye lebo.

Shangazi hakungoja pampu izimike vizuri. Alifungua kioo, mvinyo ukamlowesha hadi viwikoni, akayanyakua meno na kukimbilia nyuma ya tangi. Baba Mkubwa alijaribu kumkimbiza, akakanyaga ncha ya skafu yake mwenyewe, akaanguka juu ya mpira.

"Yale ni nini?" aliuliza Bwana Siki.

"Mbegu," alisema Kizibo.

"Mbegu zile zilikuwa zimepangwa!"

"Zabibu za mwaka huu zina nidhamu. Washa pampu."

Bwana Siki aliwasha pampu huku akitikisa kichwa. Nyuma ya tangi kulisikika mguno, kisha mwingine, kisha kama mtu anayejaribu kufunga droo iliyojaa nguo. Kizibo alisogea karibu. Sasa Shangazi ataonja. Sasa atasema.

Shangazi alitokea polepole. Uso ulikuwa umepanuka pande zote mbili, mashavu yamevimba, midomo haifungi. Aliyatoa meno mbele ya watu wote, akayaweka kwenye kiganja, akayatazama.

"Haya si yangu," alisema.

Alisema! Mbele ya kaka yake, mdomo wazi, bila hata jino moja. Mshangao ulimsahaulisha aibu. Akageuka, na Kizibo akageuka, na Bwana Siki akageuka, wote wakamtazama mtu pekee mle ndani aliyefunika mdomo.

Skafu ilikuwa imebaki chini ya mpira. Baba Mkubwa alikuwa ameketi sakafuni, ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Kaka," alisema Shangazi, "ondoa mikono."

"Mm-mm."

"Kaka!"

Aliondoa. Ufizi wa Baba Mkubwa ulikuwa mwekundu na laini kama wa mtoto mchanga.

"Na wewe?" alisema Shangazi.

"Na wewe?" alisema Baba Mkubwa.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilikuficha kwa sababu kila siku unanisema meno ya Baba, meno ya Baba!"

"Nilikuwa nakusema wewe ili usinitazame mimi!"

Kizibo aliingilia. "Ngojeni kwanza. Baba Mkubwa, meno yako yaliingiaje kwenye tangi langu?"

Mzee akatazama chini. Meno aliyapokea kutoka kwa dada yake, akayafuta kwa shati, akayavaa. Yalikaa vizuri kabisa, na alipoyavaa tu ulimi ukayapitia, taratibu, jino kwa jino. Macho yakafumba yenyewe.

"Nilikuja alfajiri," alikiri. "Nilitaka kuhakikisha ni mbaya."

"Ukahakikisha?"

"Nilipanda ngazi nikahakikisha. Nikashuka. Nikaona labda sikuhakikisha vizuri, nikapanda tena." Akajifuta uso kwa shati. "Nimehakikisha mpaka chafya ikanipata, mwanangu. Mpaka meno yakadondoka. Mdogo wangu, baba yako, hakuwahi kutengeneza mvinyo kama huu. Mimi pia sikuwahi. Ndiyo maana nilitaka uvutwe upesi, nisiuone tena."

Hapo ndipo Shangazi alipoanza kucheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikashuka kifuani, kikamwinamisha. Alicheka mdomo wazi, ufizi nje, machozi yakimchuruzika, akimnyooshea kaka yake kidole. Baba Mkubwa alijikaza, akashindwa, naye akacheka mpaka akalazimika kuyashika meno kwa kidole gumba yasitoke tena. Kizibo alikaa sakafuni kati yao akacheka kwa kuwa wao wanacheka, na kwa kuwa tangu msiba wa baba yake hakukuwa na aliyecheka mle ghalani. Wakikaribia kunyamaza, mmoja anasema "mmmh," mwingine "mm-mm," wanaanza upya. Walikaa hivyo muda mrefu.

Mwisho Shangazi alifuta macho kwa kanga. Akasimama wima mbele ya tangi. Akaiinua ile kata iliyobaki na mvinyo wa juu ya tangi.

"Bila meno, Shangazi?" aliuliza Kizibo.

"Ulimi umepata pa kuegemea," alijibu.

Akaonja. Alipiga chafya zake, mbili fupi na ile ndefu, na safari hii hakikudondoka kitu. Akaonja tena. Uso wa Shangazi ulitulia, ukalainika, akamtazama binti kama anayemwona marehemu mdogo wake amesimama nyuma yake.

"Zibeni!" alisema. "Zibeni, mwanangu. Zibeni wote!"

Kizibo alipiga kelele. Alimkumbatia Shangazi, akamkumbatia Baba Mkubwa, akalikumbatia tangi lenyewe kwa mikono miwili na kulipiga kofi la furaha.

Tangi likalia kama debe.

Alilipiga tena. Sauti ilikuwa tupu toka juu hadi chini, na ndani, kwenye sakafu ya bati, kitu kidogo kigumu kikagonga mara moja na kutulia. Meno ya Shangazi yalikuwepo. Mvinyo haukuwepo.

"Bwana Siki yuko wapi?" aliuliza Baba Mkubwa.

Mpira wa juu haukuwa tena juu. Ulikuwa umeteremshwa, umepitishwa mlangoni hadi uani, na sasa umezungushwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari, kama afanyavyo mtu mstaarabu aliyemaliza kazi. Pampu ilikuwa imeondoka. Uani injini ya boza ilikuwa inanguruma.

Kizibo alitoka mbio. "Simama! Neno limetoka! Kasema zibeni!"

Bwana Siki alitoa kichwa dirishani. Alionekana ana huzuni ya kweli. "King'ora kimelia kitambo, binti. Niliwaita, nikawapungia mkono. Mlikuwa mnacheka."

Boza likaanza kwenda. Mvinyo wote wa mwaka, jasho la binti yule na kumbukumbu ya baba yake, ulikuwa unayumba ndani yake kuelekea lango kuu.

Na hapa msomaji nataka umtazame Shangazi, yule mama aliyekuwa tayari kuacha kila kitu kigeuke siki kuliko kuonekana na kaka yake bila meno. Hakurudi kuyatafuta tangini. Alikunja gauni, akatoka mbio uani mbele ya waosha chupa wote na majirani wote waliokuwa getini, mdomo wazi kabisa, akipiga kelele, "Zibeni! Zibeni! Zibeni!"

Getini taa nyekundu za breki zikawaka.

Mlango wa boza ulifunguliwa. Bwana Siki aliteremka bila kumtazama mtu, akaenda nyuma, akatoa kikombe cha bati, akafungua koki.

"Sisimami kwa ajili yenu," alisema. "Ahadi ni ahadi. Lakini mzee mzima amedondosha meno kwa kitu hiki. Marehemu mama anisamehe, nataka nijue ni kitu gani."

Akanusa. Akanywa funda moja, kubwa, la mtu asiyejua kunywa.

Kizibo alisubiri akohoe, kama wakohoavyo wageni wote.

Bwana Siki alikunja pua. Alipiga chafya fupi. Akapiga nyingine fupi. Kisha akarudisha kichwa nyuma na kupiga ya tatu, ndefu, yenye mkia uliopanda juu kama swali, na vioo vya ofisi ya getini vikatikisika.

Shangazi alisimama palepale, mkono kifuani. Baba Mkubwa alimfikia taratibu, akamshika bega.

"Kaka," alinong'ona Shangazi, "ile chafya."

"Ya Baba," alisema Baba Mkubwa.

Bwana Siki alijifuta pua kwa mkono wa shati, akawatazama mmoja mmoja, asielewe. Akacheka kwa aibu, na lilikuwa cheko lile lile lililobandikwa kwenye kila kreti uani pale.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

Kizibo alisogea karibu na boza. "Mama yako," aliuliza, "aliwahi kufanya kazi hapa?"

Kikombe kilishuka polepole hadi kwenye bampa la boza.

"Aliosha chupa," alijibu Bwana Siki. "Mpaka mwaka niliozaliwa mimi."